Prodyuza wa dokumentari akitaka kuwa dairekta, kinachomkwamisha ni nini hasa?

#1 Kisanduku_cha_Tepu

Habari wakuu.

Mimi ni prodyuza wa dokumentari, miaka mingi sasa. Natafuta hela, naandika maombi ya fandi, napanga shuti, nasaini mikataba, filamu ikikwama nakaa na mhariri mpaka usiku wa manane. Halafu siku ya onyesho dairekta anapanda jukwaani anaulizwa wazo alilipata wapi, mimi niko nyuma karibu na chumba cha projekta nahakikisha faili la manukuu ni lile lililorekebishwa. Silalamiki, kazi naipenda.

Sasa nina stori yangu. Dada wawili, wote walikuwa wakunga, waligombana wakanuniana muda mrefu sana, leo mkubwa anaumwa na mdogo ndiye anamuuguza, nyumba moja, na bado hawaongei zaidi ya mambo ya dawa na maji ya kuoga. Niliwapata nikiwa natafuta wahusika wa filamu ya mtu mwingine, ile filamu waliikataa ila mimi hawakunikataa, hadi leo mdogo mtu ananipigia. Nataka kuiongoza mwenyewe. Kila ninapoipeleka kwa wafadhili wanaipenda, halafu jibu ni lile lile: tafuta dairekta mwenye jina, wewe baki prodyuza.

Watu husema prodyuza hana jicho. Mimi nabisha. Jicho tunalo, kinachotukwamisha ni kwamba kazi yetu haionekani kwenye skrini kwa hiyo hatuna cha kuonyesha. Waliowahi kuhama upande huu kwenda ule, au waliofanya kazi na waliohama, semeni mlichokiona.

#2 Fremu25

Naweka kambi hapa. Mada imenigusa.

#3 MamaBajeti

Mleta mada nakuheshimu ila kwenye hilo la "jicho tunalo" tupunguze mwendo. Mimi ni laini prodyuza, yaani msimamizi wa bajeti na shughuli za kila siku za shuti, nimefanya kazi chini ya prodyuza aliyehamia uongozaji na nikaona kwa macho yangu tatizo liko wapi.

Tuko nyumbani kwa mhusika, mama wa makamo, anakunja nguo. Redio iko juu ya kabati inapiga wimbo wa zamani na mama anaufuata kwa sauti ya chini, anakosea maneno, anarudia, anacheka peke yake, hajui kama kamera imeanza. Mpiga picha kashaingia, kasogea taratibu mpaka kwenye mikono. Dairekta wetu akanyoosha mkono akazima redio. Sababu ninaijua vizuri kwa sababu hata mimi niliiwaza: wimbo ule una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, unalipia zote mbili kwa watu tofauti, na mmoja akigoma huna scene. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mama aliacha nguo, akakaa kitako, akauliza "haya, mnataka niseme nini?" na kuanzia hapo siku nzima tulipata majibu ya intavyuu tu.

Prodyuza kazi yake ni kufunga matatizo kabla hayajazaliwa. Dairekta wa dokumentari inabidi ayaache yazaliwe mbele ya kamera. Ni akili mbili tofauti na ya kwanza ukishaizoea miaka mingi haitoki kirahisi.

#4 Mtu_wa_Saundi

MamaBajeti nakupinga kwa heshima zote dada yangu. Redio ile hata mimi ningeomba izimwe na sijawahi kuwa prodyuza. Muziki ukiwa nyuma ya maneno mhariri hawezi kukata, ukitoa sentensi moja katikati wimbo unaruka na mtazamaji anasikia. Kwa hiyo hapo ni ufundi, usilisukumie akili ya kiprodyuza.

Ila nakubali kwamba kama mama anaimba, basi scene ni wimbo wenyewe, hapo hukati, unaacha ikimbie nzima. Kosa ni kuizima akiwa anaimba. Ungesubiri amalize ndio uzime.

#5 MamaBajeti

Hahaha mtu wa saundi umekuja na maikrofoni mkononi. Hapo mwisho umesema nilichosema mimi.

#6 Wakili_wa_Picha

Niongeze kitu kidogo hapo kwenye wimbo kabla hatujasonga. Si lazima kila wimbo uliosikika kwa bahati ulipiwe. Marekani wana kanuni inayoitwa "fair use", yaani kutumia kazi ya mwingine kwa kiasi fulani bila kuomba ruhusa, na mwaka 2005 watengeneza dokumentari wa kule walitoa tamko la pamoja kueleza mazingira ambayo mtu anaweza kuitegemea, wimbo uliodakwa bila kupangwa ukiwa mojawapo. Baada ya hapo kampuni za bima ya filamu nazo zikaanza kukubali, mradi kuna barua ya wakili anayejua eneo hilo. Nchi nyingine sheria ni tofauti, wengine ni wakali zaidi. Ninachosema ni kwamba prodyuza anayejua haya ana uhuru mkubwa kuliko dairekta asiyejua. Angeacha redio ilie. Elimu ya kiprodyuza hapo ingekuwa msaada badala ya kizuizi.

#7 Runa_wa_Zamani

Wakuu mnazozania mpaka ambao sehemu nyingine haupo. Mimi nimetokea televisheni. Kwenye mfumo wa Uingereza unaanza runa, yaani kijana wa kutumwatumwa kwenye shuti, unakuwa mtafiti, unakuwa prodyuza msaidizi, halafu unakuwa prodyuza-dairekta, mtu mmoja vyeo viwili, na siku hizi wengi wao wanashika na kamera wenyewe. Hakuna siku unaamka unaambiwa leo umehama. Ile hatua ya prodyuza msaidizi ndiyo shule yenyewe, unatumwa peke yako na kamera ndogo kurekodi kitu ambacho timu kubwa haina muda nacho, kikitumika kwenye kipindi ushaanza kuongoza.

Marekani nako, kwenye televisheni ya umma, kwa muda mrefu mtu aliyeandikwa "prodyuza" wa sehemu fulani ya mfululizo ndiye aliyekuwa anaiongoza. Na ukienda nyuma zaidi, Robert Drew kwenye Primary ya 1960, ile ya Kennedy na Humphrey wakiwania uteuzi wa urais kule Wisconsin, alikuwa mwandishi wa jarida la Life, akaibuni filamu, akakusanya timu ya akina Leacock, Pennebaker na Albert Maysles wakawa ndio wanashika kamera. Sasa niambieni hapo nani alikuwa dairekta. Watu bado wanabishana.

Kwa hiyo maelezo yangu: tatizo la mleta mada ni kwamba yuko kwenye dokumentari za sinema na matamasha, huko ndiko neno dairekta limefanywa kuwa jina la msanii. Angekuwa televisheni angeshaongoza zamani.

#8 Kisanduku_cha_Tepu

Runa asante sana, hilo la prodyuza msaidizi limenifungua. Ila kwangu televisheni haitaki stori ya watu wawili wasioongea. Nimejaribu. Waliniuliza "tukio kubwa ni lipi?"

#9 Klipu_Moja

Mifano ipo mingi ya waliohama na wakafanikiwa, mbona mnaongea kama haiwezekani. Fisher Stevens aliongoza The Cove akachukua Oscar, na alianza kama prodyuza.

#10 Fremu25

Klipu hapana ndugu. The Cove iliongozwa na Louie Psihoyos, aliyekuwa mpiga picha wa National Geographic, na ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza. Stevens alikuwa mmoja wa maprodyuza, Oscar ya 2010 walipokea pamoja. Dokumentari alizoongoza Stevens zilikuja baadaye, kama Before the Flood ya 2016 na ile ya Beckham ya 2023. Tena hata yeye si mfano safi sana maana alikuwa mwigizaji na alishawahi kuongoza filamu za kuigiza kabla.

#11 Klipu_Moja

Sawa, asante kwa masahihisho. Hoja yangu inabaki: alikuwa prodyuza, akahama.

#12 Fremu25

Mfano safi ni R.J. Cutler. Alikuwa prodyuza wa The War Room ya 1993, iliyoongozwa na Pennebaker na Chris Hegedus. Miaka mitatu baadaye akaongoza A Perfect Candidate, halafu ikaja The September Issue na nyingine nyingi. Na mwingine Alexis Bloom, alikuwa prodyuza kwenye filamu ya Alex Gibney kuhusu WikiLeaks ya 2013, baadaye akaongoza ya Roger Ailes, aliyekuwa bosi wa Fox News, ya 2018.

Kuna kitu nimekiona kwa hawa wawili na sijui kama ni bahati tu. Wote hatua ya kwanza hawakuvuka peke yao. Cutler ile ya 1996 aliiongoza pamoja na David Van Taylor, na Bloom kabla ya Ailes aliongoza Bright Lights pamoja na huyo huyo Fisher Stevens. Waliongoza na mtu, halafu ndio wakaenda peke yao.

#13 MamaBajeti

Hiyo ya #12 ni nzuri sana. Na inajibu wafadhili: unaleta mwenzako mwenye jina na wewe unabaki dairekta.

#14 Zuhura_Ediza

Kuongoza wawili kuna shida zake MamaBajeti. Mimi ni mhariri, nimepokea filamu ya madairekta wawili ambao hawakukubaliana mapema nani ana neno la mwisho kwenye kata ya mwisho, yaani toleo la filamu litakalotoka. Asubuhi mmoja anakuja anasema scene ya hospitali itoke, jioni mwingine anairudisha. Kama mtu ana jina na wewe huna, kwenye mabishano ya chumba cha kuhariri mwenye jina ndiye anashinda, na filamu ikitoka watu wanasema ni yake. Mleta mada atakuwa ametoka uprodyuza akaingia uprodyuza kwa mlango wa nyuma.

Kwa maoni yangu geti la kweli liko kwetu, kwenye uhariri. Dokumentari inaandikwa mezani, unaweza kuwa na masaa mia mbili ya picha na filamu ya dakika tisini. Angalia Sam Pollard. Alikuwa mhariri, akahariri filamu za Spike Lee, kwenye 4 Little Girls ya 1997 alikuwa mhariri na prodyuza pia, akateuliwa Oscar pamoja na Spike, na leo ni dairekta anayeheshimika, MLK/FBI ya 2020 ni yake. Yule hakuhitaji mtu amwambie jicho analo, miaka yote ile alikuwa anaamua nini kibaki na nini kitoke.

Prodyuza anayekaa na mhariri mpaka usiku kama mleta mada anavyosema, ajiulize akiwa pale anasema nini. Akisema "hii ndefu, wanunuzi hawataki" huyo ni prodyuza. Akisema "rudisha ile sekunde alipoangalia mlangoni kabla ya kujibu" huyo dairekta keshazaliwa, karatasi ndizo zimechelewa.

#15 Kisanduku_cha_Tepu

Dada Zuhura nasema zote mbili, kwa usiku mmoja.

#16 Msomaji_wa_Maombi

Nimekuwa kwenye jopo la kuchagua miradi ya fandi moja, sitaitaja. Niwaambie tunavyoona upande wa pili maana hapa naona wafadhili wanasemwa kama vile hawana akili.

Maombi ya prodyuza anayetaka kuongoza mara nyingi nayatambua kabla sijafika kwenye wasifu. Bajeti haina doa. Ratiba imekaa. Orodha ya watazamaji walengwa imepangwa vizuri kuliko ya mtu yeyote. Halafu nafika kwenye maelezo ya filamu yenyewe nakuta mada. "Filamu hii inachunguza mahusiano ya kifamilia na uzee." Nani anaingia kwenye fremu? Anafanya nini? Kamera iko wapi, mbali au karibu, inasubiri au inauliza? Hakuna. Prodyuza kazoea kuandika kwa ajili ya kumuuza mtu mwingine, kwa hiyo anajiuza kwa lugha ile ile.

Mleta mada kwenye #1 umeandika "hawaongei zaidi ya mambo ya dawa na maji ya kuoga". Hiyo sentensi moja ina filamu ndani. Hivi iko kwenye maombi yako?

#17 Kisanduku_cha_Tepu

Haipo. Kwenye maombi nimeandika "mahusiano yaliyovunjika na safari ya maridhiano". Naanza kuifuta leo.

Lakini nikubishie mkuu. Hata nikiandika vizuri, kuna fomu zinataka kiungo cha filamu ulizoongoza. Hicho kisanduku mimi nakijaza nini?

#18 Msomaji_wa_Maombi

Unajaza picha za hao dada. Dakika kumi, scene moja ambayo hujaikatakata, bila muziki wala maandishi ya kueleza. Jopo likiona unaweza kukaa kwenye chumba kimoja na watu wawili na usiwavuruge, hilo la filamu zilizopita linapungua uzito. Halifutiki, nasema linapungua. Tiza, yaani kionjo cha filamu, ya dakika mbili yenye muziki wa kupanda na kushuka inatuambia tu kwamba una mhariri mzuri.

#19 Runa_wa_Zamani

#18 kuna wakati mnasema hivyo halafu mnachagua mwenye jina. Tumeona.

#20 Msomaji_wa_Maombi

Inatokea. Mfadhili mmoja akiingia wengine wanamfuata, na wa kwanza anaogopa kuwa peke yake. Jina la dairekta linapunguza woga huo. Sitalikataa hilo.

#21 Babu_Reli

Vijana salamu. Mimi ni wa enzi za filamu ya milimita 16 kwa hiyo mnivumilie.

Naona hakuna aliyemtaja Frederick Wiseman na yeye ndiye ushahidi mkubwa wa mada hii. Alikuwa mwalimu wa sheria Boston. Filamu yake ya kwanza hakuiongoza, aliifanyia uprodyuza: The Cool World ya 1963, dairekta Shirley Clarke. Haki za riwaya iliyozaa filamu ile alinunua yeye. Alipoona kazi inavyokwenda akajiambia na yeye anaweza, ndipo akaja na Titicut Follies mwaka 1967, ndani ya hospitali ya gereza ya Bridgewater, mahali ambapo alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake wa sheria. Jimbo la Massachusetts likaipeleka mahakamani, umma haukuruhusiwa kuiona kwa uhuru mpaka 1991. Baada ya hapo aliendelea kufanya filamu miaka zaidi ya hamsini na Oscar ya heshima akapewa 2016.

Angalieni alivyofanya. Hakwenda kutafuta stori ya mbali. Alianzia mahali alipokuwa tayari na mlango. Na kwenye shuti yeye ndiye alishika saundi, mpiga picha anamfuata yeye na maikrofoni yake, kwa hiyo dairekta alikuwa anaongoza kwa masikio.

#22 Mtu_wa_Saundi

Babu Reli shikamoo! Hii ya dairekta kuwa mtu wa saundi naiprinti naibandika ukutani.

#23 Babu_Reli

Marahaba mjukuu.

#24 MamaBajeti

Babu shikamoo. Mfano ni mzuri ila Wiseman alikuwa prodyuza wake mwenyewe maisha yote, mhariri wake mwenyewe, na usambazaji akaanzisha kampuni yake. Mleta mada akisoma hapo atadhani na yeye abaki prodyuza na dairekta kwa pamoja. Mshika mawili moja humponyoka. Nilichokiona kwa yule wa redio ni kwamba katikati ya intavyuu simu inatetemeka, gari la timu limekwama, anaipokea yeye kwa sababu hakuna mwingine wa kuipokea. Mhusika anabaki na nusu sentensi mdomoni. Prodyuza anayehama mtu wa kwanza kumwajiri ni prodyuza, na ampe mamlaka ya kumkatalia. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wanajiona wanaijua kazi kuliko yeyote watakayemleta.

#25 Wakili_wa_Picha

Na hilo la prodyuza mpya liandikwe vizuri. Dairekta akiajiriwa na kampuni ya mtu mwingine anaweza kuondolewa kwenye filamu yake, vipengele vya namna hiyo vipo kwenye mikataba mingi na madairekta wapya hawavisomi. Mleta mada una faida moja kubwa: makubaliano na wahusika na haki za stori vinaweza kuwa kwenye kampuni yako. Usivihamishe ovyo kwa ajili ya kupata mshirika mwenye jina. Mkiingia ubia, kata ya mwisho ni ya nani, ukishindwana na mwenzako nani anaamua, krediti inasomekaje, yote hayo kabla ya shuti.

#26 Kina_cha_Fremu

Nimechelewa kufika. Mimi nilihama, nilikuwa prodyuza wa lokesheni nikawa dairekta, na naona hapa hakuna aliyegusa kilichonitesa mimi. Akili ya bajeti sikuwa na shida nayo. Wafadhili nilipata. Kilichonitesa ni intavyuu za awali.

Ukiwa prodyuza unatangulia kwa mhusika, mnakaa, anakusimulia yote, analia, unaandika, unampelekea dairekta. Siku ya shuti dairekta anamuuliza na mhusika anaanza hivi: "Kama nilivyomwambia mwenzako..." Umesikia hapo? Ile simulizi ya kwanza imeshapotea, kamera inapata ya pili, iliyopangwa, iliyofupishwa, mahali pa kulia pamegeuka mahali pa kueleza kwamba nililia. Nilipoanza kuongoza tabia ile nilikuwa nayo bado, naenda kumwandaa mhusika mimi mwenyewe, halafu nashangaa kwenye kamera mbona hapana uhai. Ilibidi nijifunze kwenda kwa mtu nikaongea naye mambo mengine yote isipokuwa lile lililonipeleka. Nikiona anakaribia kulisema naomba maji ya kunywa.

Kingine ni ukimya. Mtu akimaliza kujibu, prodyuza anaona swali limejibiwa, twende la pili, muda unakwenda. Ukikaa tu ukimwangalia, hujui la kufanya na uso wako, mara nyingi anaongeza kitu, na hicho alichoongeza ndicho kinachobaki kwenye filamu.

#27 Zuhura_Ediza

#26 nisaidieni kui-like mara kumi. Kila mara nikipokea picha natafuta sekunde baada ya jibu, na kila mara nakuta sauti ya dairekta imeshaingia na swali jipya.

#28 Klipu_Moja

Naomba kuuliza swali la pembeni. Kwani lazima kuhama? Simon Chinn kabaki prodyuza na ana Oscar mbili, Man on Wire na Searching for Sugar Man. Na kwenye dokumentari sanamu wanapewa dairekta na prodyuza kwa pamoja, ile ya Filamu Bora wanapewa maprodyuza peke yao. Hakuna anayedharauliwa pale. Sisi huku chini ndio tumejijengea kwamba prodyuza ni ngazi ya kufikia udairekta.

#29 Runa_wa_Zamani

Klipu leo hapo umenena.

#30 Kisanduku_cha_Tepu

Klipu swali lako ni la haki. Kama stori hii ingeweza kuongozwa na mtu mwingine ningempa. Nilimpeleka dairekta mmoja ninayemheshimu kule kwa wale dada, mtu mzuri kabisa, na mdogo mtu alimkaribisha vizuri, akamwonyesha picha za zamani, akamwambia wao na dada yake hawana tatizo lolote, ni uzee tu. Tulipotoka mdogo mtu akanivuta pembeni akaniuliza "huyu umemleta wa nini?"

#31 Kina_cha_Fremu

Basi wewe ni dairekta. Uaminifu wa wahusika ndio udairekta wa dokumentari, mengine yanakodishwa.

#32 Zuhura_Ediza

Hapana Kina. Kuaminiwa na mtu ni jambo moja na kutengeneza filamu ni jingine. Nimeona picha za watu walioaminiwa sana na hakuna filamu ndani, wamekuwa ndugu mpaka wanaogopa kuonyesha chochote kinachouma.

#33 Fremu25

Kuna mwenye umri mkubwa anasoma hapa anadhani treni imempita? Sheila Nevins alisimamia dokumentari za HBO miongo mingi, filamu za wengine tupu. Filamu fupi ya kwanza aliyoiongoza, akisaidiana na wenzake wawili, ilitoka 2023 na ikateuliwa Oscar akiwa na miaka 84.

#34 MamaBajeti

Huyo alikuwa na simu ya kila mtu mfukoni Fremu, usimlinganishe na sisi. Lakini nimefurahi kusoma.

Mleta mada, swali la kazi: hao dada wamesaini fomu za ridhaa?

#35 Kisanduku_cha_Tepu

Mdogo amekubali kwa mdomo, fomu bado. Mkubwa sijamuuliza kabisa. Anajua mimi ni rafiki wa mdogo wake.

#36 MamaBajeti

Basi simamisha kila kitu. Hakuna dakika kumi za jopo bila sahihi ya mgonjwa. Mtu anayeumwa unamweleza akiwa na nguvu, asubuhi, mbele ya mtu wa familia, na unarudia siku nyingine kuona kama bado anakumbuka alichokubali. Ukichelewa hali ikabadilika, mwenye kusaini kwa niaba yake atakuwa ni nani? Yule yule mdogo mtu waliyenuniana naye.

#37 Kina_cha_Fremu

Ukimpelekea fomu kabla hajakujua umeshamwambia yeye ni filamu. Kaa naye kwanza. Yeye ndiye nusu ya stori na wewe mpaka sasa unaijua kwa upande mmoja tu, wa mdogo mtu. Hilo linanitia wasiwasi kuliko karatasi.

#38 Wakili_wa_Picha

Wote mna hoja. Ridhaa inaweza kuanza kwa sauti, umrekodi ukimweleza na yeye akijibu, fomu ikafuata. Ila kwa mgonjwa mimi niko na MamaBajeti, usipitishe muda. Na fomu iwe kwa lugha anayoitumia nyumbani, uisome kwa sauti, umwachie nakala.

#39 Kisanduku_cha_Tepu

Nashukuru wakuu. Kwa mkubwa mtu naenda wiki hii, bila kamera, na nitamwambia ukweli nimekwenda kwa sababu gani. Mdogo mtu nitamwambia kabla kwamba naenda, asije akasikia kwa mwingine.

Na prodyuza nimeanza kumtafuta. Kama kuna mtu humu anaweza kunikatalia bila kuogopa aje inboksi.

#40 MamaBajeti

Nimeshakutumia ujumbe. Na bajeti uliyonayo nitaipunguza, nakuambia mapema.